Kiti cha Kununua, Meza ya Kuchongesha

Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuzigeuza kuwa maandishi. Naifanyia nyumbani, mtaani Migosi hapa Kisumu, kwa muda wa saa saba au nane kila siku, vidole kwenye kibodi na mguu wa kulia kwenye kikanyagio cha kusimamisha na kuendesha sauti. Miaka miwili ya kwanza nilikalia kiti cha mbao cha meza ya kulia chakula. Mabega yalianza kuuma, vikafuata vifundo vya mikono, kisha kiuno kikawa hakinyooki asubuhi mpaka nitembeetembee kwanza. Nilipopata fedha za kiti cha maana nilikwenda dukani nikachagua kwa macho: kikubwa, cheusi, chenye mgongo mrefu. Maumivu hayakwisha.

Tangu hapo nimepima viti na meza nyingi kwa utepe wa fundi cherehani, hapa Kisumu na pia Nakuru anakokaa kaka yangu, na nimefikia msimamo ambao nitautetea. Katika miji yetu hii, kiti ni cha kununua, tena cha kiwandani chenye sehemu zinazosogea, lakini meza ni ya kuchongesha kwa fundi. Wengi wetu tunavinunua vyote viwili dukani kwa pamoja, na hapo ndipo mwili unapoanza kulipia.

Utepe kabla ya pochi

Vaa viatu unavyovaa ukiwa kazini, hata kama ni patipati. Keti juu ya kitu kigumu, nyayo zikae bapa sakafuni na magoti yapinde kama kona ya mraba. Mwambie mtu akupime mara tatu. Kwanza, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: huo ndio urefu wa kiti chako. Pili, ukiwa umeuachia mkono uning'inie na kuupinda kwenye kiwiko, apime kutoka ulipokalia hadi chini ya kiwiko. Jumlisha na kipimo cha kwanza, umepata urefu wa meza yako. Tatu, kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Hapo toa upana wa vidole viwili au vitatu, na kinachobaki ndicho kina cha kiti, yaani umbali kutoka egemeo hadi ukingo wa mbele.

Mimi na kaka yangu tulipimana, na matokeo yalinifumbua macho kuliko tangazo lolote la dukani.

| Kipimo (sentimita) | Mimi, kimo 158 | Kaka, kimo 186 |
|---|---|---|
| Sakafu hadi nyuma ya goti | 41 | 48 |
| Kiti hadi kiwiko | 23 | 25 |
| Meza inayofaa | 64 | 73 |
| Kina cha kiti kinachofaa | 41 | 46 |

Sasa chukua utepe uende dukani. Karibu kila meza ya ofisi niliyopima ilikuwa na urefu wa sentimita 75, na mojawapo 76. Kwa kaka yangu tofauti ni ndogo. Kwangu ni sentimita 11, na hizo 11 ndizo zilizonila mabega miaka yote ile. Mtu wa kimo changu akiwa kwenye meza ya 75 ana njia mbili tu. Akikiacha kiti chini, atafanya kazi mabega yakiwa yamepanda karibu na masikio. Akikipandisha kiti mpaka viwiko vifikie meza, miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja, na ikifika adhuhuri nyayo zina ganzi. Kwangu mimi hata kikanyagio nilikuwa sikifikii vizuri.

Ndiyo maana naanza na meza hata kabla ya kuzungumzia viti. Kiti cha kisasa kinapanda na kushuka kwa kubonyeza wenzo. Meza haipandi wala haishuki, kwa hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Viti vinne

Cha kwanza ni kile kinachoitwa kiti cha bosi: ngozi bandia, sponji nene, egemeo linalofika kichwani. Ndicho nilichokinunua. Kina chake kilikuwa sentimita 51, nami nahitaji 41. Nikikaa hadi nyuma, ukingo unanikata nyuma ya magoti. Nikisogea mbele magoti yapate nafasi, mgongo haugusi egemeo siku nzima. Halafu kuna joto la Kisumu. Saa nane mchana, chini ya paa la mabati, ngozi bandia inakushika mgongo kama karatasi ya nailoni, na joto pamoja na unyevu wa hewa ya ziwa huidhoofisha polepole mpaka ianze kubabuka vipande vinavyoganda kwenye nguo. Mtu mrefu anayefanyia kazi Nakuru au Eldoret, penye ubaridi, anaweza kukifurahia. Kwa hapa kando ya ziwa sikishauri.

Cha pili ni kiti kipya cha neti. Hiki kinaijua hali yetu ya hewa: upepo unapita mgongoni. Bei nilizoulizwa zilikuwa kati ya shilingi 9,500 na 14,000. Lakini tahadhari na neno ergonomiki, yaani kinachoendana na mwili, lililobandikwa kwenye kila sanduku. Usilisome. Keti, kisha uhesabu vitu vinavyosogea. Vinne ndivyo vyenye maana: urefu wa kiti, urefu wa mikono yake, kile kivimbe cha kuegemeza kiuno, na kina cha kalio, ile sehemu unayokalia, yaani kama inaweza kuvutwa mbele au nyuma. Viti vingi vya bei hiyo vinasogea kimoja tu, ule urefu. Kivimbe cha kiuno kimefungwa mahali pamoja, na kwa mtu mfupi kinagusa katikati ya mgongo badala ya pale juu ya mkanda wa suruali kinapotakiwa kuwa. Na mikono isiyoshuka ni hasara kubwa kuliko kukosa mikono kabisa, kwa sababu inagonga ukingo wa meza na kukuzuia kusogea karibu. Ukikuta mikono ya namna hiyo, ing'oe. Kwa kawaida ni bolti mbili au tatu kila upande.

Cha tatu ndicho ninachokalia sasa, kiti cha mtumba kutoka ofisi za Ulaya, ambacho wauzaji wanakiita ex-UK. Ofisi za huko hubadilisha samani zote kwa mpigo, na zile za zamani zinasafirishwa kwetu kwa kontena. Kiti cha namna hii kiliundwa kikaliwe na watu wa maumbo tofauti, na Ulaya ina kiwango chake cha viti vya ofisi, EN 1335, kinachohusu vipimo na usalama. Ndiyo maana kiti kilichotumika miaka kadhaa kinaweza kuwa na sehemu nyingi zinazosogea kuliko kipya cha bei hiyohiyo. Changu muuzaji alianzia 11,000, tukamalizana 8,500. Kalio linasogea, mikono inashuka hadi chini ya meza yangu, na kivimbe cha kiuno kinapanda na kushuka.

Ukibahatika unaweza kukutana na majina makubwa. Aeron ya kampuni ya Herman Miller, kwa mfano, ilitoka mwaka 1994 na kuzoesha dunia wazo la kiti cha ofisi cha neti kisicho na sponji hata kidogo. Jambo la kujua kuhusu Aeron ni kwamba inatengenezwa kwa saizi tatu, A, B na C. Pitisha vidole nyuma ya ukingo wa juu wa egemeo, utagusa vinundu: kimoja ni A, ndogo, viwili ni B, vitatu ni C, kubwa. Mtu wa kimo changu akiuziwa C atakuwa amerudi palepale kwenye kiti cha bosi.

Mtumba hauna dhamana, kwa hiyo ukaguzi ni wako. Pandisha kiti hadi juu kabisa, tia alama ya chaki kwenye bomba linaloingia chini, kisha ukalie kwa dakika kumi ukiongea na muuzaji. Inuka utazame alama. Kama kimeteremka, gesi inayokishikilia ndani ya bomba hilo, yaani silinda, imechoka. Kiti kizima huhitaji kukikataa kwa sababu hiyo, maana silinda mpya hupatikana, ila toa gharama yake kwenye bei. Usikubali fundi yeyote aichomelee au kuipasha moto silinda ya zamani: ndani mna naitrojeni iliyoshindiliwa, na inaweza kulipuka. Geuza kiti juu chini uangalie ile miguu mitano kama ina nyufa, hasa pale inapokutana katikati, na kama ni plastiki angalia mara mbili. Miguu mitano ina sababu yake: kiti cha miguu minne kinapinduka kwa urahisi zaidi ukiegemea pembeni. Halafu magurudumu. Yale magumu ya nailoni yalikusudiwa zulia, na kwenye sakafu yetu ya vigae au saruji yanateleza na kukwaruza. Ya mpira laini ndiyo yetu, na huuzwa peke yake. Kwenye viti vingi unayavuta tu na kuchomeka mengine.

Cha nne ni kiti cha fundi wetu wenyewe. Nawaheshimu sana mafundi, na karibuni nitawasifu, lakini kiti cha mbao hata kikichongwa kwa vipimo vyako hakisogei, na mwili unaofanya kazi kwa muda wa saa nane unataka kusogea: kuegemea nyuma kidogo wakati wa kusoma, kukaa wima wakati wa kupiga chapa. Vile viti vizuri vya gugumaji vinavyosukwa hapa Kisumu pia ni vya sebuleni. Mama yangu anacho na anakipenda. Kwa kazini havifai.

Meza: hapa fundi anashinda

Meza ya dukani ya chipbodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, inavutia kwa sababu unaondoka nayo siku hiyohiyo, ndani ya sanduku, juu ya tuktuk. Niliulizwa shilingi 11,000. Nimeshataja urefu wake. Tatizo la pili ni maji. Nyumba zetu zinapigwa deki karibu kila asubuhi, na miguu ya chipbodi au ya ndugu yake MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, inayogusa sakafu hunyonya maji taratibu. Baada ya muda inavimba, plastiki ya juu inaachia, na skurubu zinakosa pa kushika. Tatizo la tatu ni droo. Meza nyingi za dukani zina droo katikati, pale magoti yanapokaa. Kwangu mapaja yanafika sentimita 56 kutoka sakafuni. Meza ya sentimita 64 yenye ubao wa sentimita 2.5 inaniachia 61.5, natosha vizuri. Weka droo ya sentimita 10 chini yake, nafasi inashuka hadi 51.5 na miguu haiingii tena.

Fundi wangu yuko Kibuye, kwenye safu ya mafundi wa samani kando ya soko. Usiende Jumapili, siku kuu ya soko, hutapata nafasi hata ya kufungua utepe. Nilipomwambia sentimita 64 alinitazama kwa huruma. "Mama, hiyo ni meza ya watoto. Meza ya ofisi ni 75." Sikubishana. Nilimwomba kibago cha kukalia, nikapanga vipande vya mbao chini mpaka nyuma ya magoti pakawa sawa, kisha tukapandisha ubao juu ya matofali hadi 64. Niliweka kibodi nikapiga chapa mbele yake. Halafu tukaongeza matofali hadi 75, nikapiga chapa tena. Aliyaona mabega yanapanda. Alichukua penseli nyuma ya sikio akaandika 64 ubaoni, na nilipokwenda kuichukua wiki iliyofuata alikuwa amempima mkewe, ambaye ni mshonaji.

Nililipa 8,000, pamoja na vanishi. Ubao ni saiprasi. Mvule ungekuwa mzuri zaidi, ila bei yake ni nyingine kabisa, na kwa meza ya kazi sioni sababu. Kikubwa si jina la mti, ni ukavu wake. Mbao mbichi itapinda au kupasuka jua la Januari likifika. Inyanyue: mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana. Iguse kwa shavu: mbichi ina ubaridi. Ukiona utomvu kwenye vifundo, mwambie fundi abadilishe. Ukipenda miguu ya chuma, fundi wa kuchomelea atakuundia fremu ya bomba la mraba la inchi moja na nusu, na hiyo haijali deki mradi uipake rangi hadi chini na kuivalisha vikofia vya mpira. Mwambie asipitishe bomba la kuunganisha mbele, pale magoti yanapoingia. Alipitishe nyuma.

Upana na kina cha meza havihitaji maneno mengi. Kina cha sentimita 65 au 70 kinatosha ili skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Mwambie fundi pia aviringishe ukingo wa mbele kwa msasa, kwa sababu ukingo wa mraba unabana mishipa ya vifundo vya mikono.

Ziko pia meza za umeme za kupanda na kushuka, ili ufanye kazi umekaa kisha umesimama. Wazo lenyewe ni jema, maana kukaa mkao mmoja siku nzima ndiko kunakochosha, hata kama mkao ni sahihi. Niliyoiona ilikuwa 42,000. Stima ikipotea inabaki ilipo, na hilo linavumilika. Linalowapita wengi ni kipimo cha chini. Zile ambazo miguu yake ina bomba mbili zinazoingiana mara nyingi haziteremki chini ya sentimita 70 hivi, kwa hiyo mtu mfupi analipa fedha zote hizo na bado akikaa meza iko juu. Zenye bomba tatu hufika karibu 62. Uliza kipimo hicho kabla ya kuuliza bei. Mimi nilichagua njia ya Kibuye: fundi alinitengenezea kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 35 kwa mabaki ya ubao. Nikikiweka juu ya meza napata 99, kiwiko changu nikiwa nimesimama. Nakitumia ninaposahihisha, kwa muda wa kama saa moja kila asubuhi na mwingine kama huo jioni. Kikiwa hakina kazi kinabeba kamusi.

Kama tayari una meza iliyo juu mno

Usiitupe. Kama ni ya mbao, fundi anaweza kuikata miguu kwa nusu saa, na hiyo ndiyo tiba ya bei rahisi kuliko zote. Kama ni ya chipbodi au ya mwenye nyumba, pandisha kiti mpaka viwiko vifikie meza na uchongeshe kibao cha kuwekea miguu chenye urefu wa ile tofauti. Kwangu ingekuwa sentimita 11. Kiwe kipana kiasi cha kusogeza miguu yote miwili, na kama unatumia kikanyagio kama mimi, nacho kikae juu yake. Kibao cha namna hiyo niliwahi kukilipia 600.

Laptopu nayo ina kasoro yake ya kuzaliwa: kibodi na skrini vimeshikana, kwa hiyo mkono ukiwa sawa shingo imeinama, na shingo ikiwa sawa mikono imepanda. Nunua kibodi ya pembeni na kipanya, kisha inua laptopu mpaka ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Kwangu ni kama sentimita 22 juu ya meza. Wenye miwani ya kusomea yenye sehemu mbili washushe zaidi, la sivyo watainua kidevu siku nzima. Na dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako skrini inang'aa, likiwa mbele macho yanaungua.

Ukiwa umeajiriwa, usikimbilie kutoa fedha zako zote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri apatanishe mahali pa kazi na mwili wa mfanyakazi. Andika barua fupi yenye vipimo vyako. Vipimo ni vigumu kuvipuuza kuliko malalamiko. Na kama maumivu yanashuka mguuni, au kuna ganzi isiyoondoka, au mkono unaangusha vitu, hapo si suala la samani tena. Nenda hospitali kwanza.

Kwa mfuko wa shilingi ngapi?

Ukiwa na 20,000 hivi, mimi ningefanya kama nilivyofanya: kiti cha mtumba chenye sehemu zinazosogea, meza ya fundi, na chenji iende kwa kibodi ya pembeni. Ukiwa na 10,000 tu, anza na meza ya fundi na kibodi, ukalie kiti chochote kigumu chenye urefu wako huku taulo iliyokunjwa ikishika kiuno. Najua wengi wataanza na kiti, kwa sababu kiti ndicho kinachoonekana kama dawa. Nimejaribu njia hiyo na kiti cha bosi, na nilirudi kwenye maumivu yaleyale ndani ya wiki mbili.

Aliyeko Nakuru abadilishe kitu kimoja. Kule ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari dhidi ya 1,130 za hapa Kisumu, na asubuhi za Julai neti inapitisha baridi hadi mgongoni. Kaka yangu anakalia mtumba wa kitambaa na sponji, wa kina cha sentimita 46, na meza ya dukani ya 75 aliyoikata miguu sentimita mbili. Hajawahi kulalamika.

Karatasi niliyompa fundi ilikuwa na maneno haya, na unaweza kuyanakili ukiweka namba zako: urefu hadi juu ya ubao 64; kina 70; upana 120; ubao 2.5, saiprasi kavu. Hakuna droo wala ubao wa kuunganisha mbele. Ukingo wa mbele uviringishwe. Tundu moja nyuma la kupitishia nyaya. Miguu ipakwe vanishi hadi chini kwenye nyayo zake.